Miguu ya Tabora, Maji ya Kongo

Punda aliitwa Simba. Mwanzoni mwa Novemba 1871 msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Kwihara nje kidogo ya Tabora kuelekea Ujiji, ulifika Mto Malagarasi ukakuta desturi iliyowakuta wote waliotangulia: wenye kivuko, Wavinza, hawakusogeza mtumbwi majini kabla ya honga, yaani ada ya kupita, kulipwa. Wakabishana, wakalipa, watu na mizigo wakavushwa. Punda hawakupakiwa. Walifungwa kamba shingoni na kuogeleshwa. Simba alipofika katikati ya mto, mamba akamdaka. Waliokuwa ng'ambo waliivuta kamba kwa nguvu zao zote, isiwe kitu. Punda wa pili alilala upande huu, akavushwa asubuhi yake.

Leo basi la Kigoma linapita Malagarasi juu ya Daraja la Kikwete, na abiria aliyesinzia hana habari kwamba amevuka mto uliowatoza kodi wasafiri wa karne nzima. Richard Burton na John Speke waliuvuka Februari 1858 kwa mitumbwi ya magome ya miti yaliyoshonwa, na Burton aliandika kwa hasira juu ya bwana wa kivuko na madai yake. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini inaeleweka pia kwa nini Mvinza alijiona anastahili malipo, maana kati ya watu wote waliokuwa ukingoni siku ile, ni yeye tu aliyeujua mto.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Watu wa njia ya Tabora walikuwa mabingwa wa kutembea. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili begani, kilo thelathini na kitu, kutoka Unyanyembe hadi pwani, akarudi, na msimu uliofuata akaenda tena. Kwake mto ulikuwa kitu cha kukatiza: unafika, unalipa, unavuka, unasahau. Kuufuata mto, kuingia ndani yake asubuhi na kulala kando yake jioni, siku baada ya siku, ilikuwa kazi nyingine kabisa. Na siku hizi, kijana wa Tabora au Dodoma anayelipia safari yake ya kwanza ya siku kadhaa ya kushuka mto kwa boti la upepo, anaanza pale pale walipoanzia wapagazi wale: ana miguu mizuri, na miguu haimsaidii.

Tabora yenyewe haina mto wa kujivunia, ila maji yake yana safari ndefu. Mvua inayonyesha upande wa magharibi wa mkoa huingia Igombe na Ugalla, mito hiyo humwaga maji Malagarasi, Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, ziwa hutoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, Lukuga huungana na Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo inayokwenda kumwagika Atlantiki. Mwaka 1876 na 1877 watu wa njia ya misafara waliifuata sehemu kubwa ya safari hiyo ya maji. Sijui kundi jingine la wanagenzi wa mto katika historia yetu lililoandikwa kwa undani kama lile.

Walikuwa Waungwana wa Unguja na Wanyamwezi, pamoja na wake zao na watoto, waliotoka Bagamoyo na Stanley Novemba 1874. Mabegani walibeba boti. Liliitwa Lady Alice, lilitengenezwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, urefu wake futi 40, na lilikatwa vipande ili libebeke. Vipande hivyo vilipofika Unguja vilionekana vizito mno kwa mabega ya binadamu, ikabidi fundi avipunguze. Kwa hiyo kabla boti halijawabeba watu, watu walilibeba boti: kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, kisha kwa njia za Unyamwezi, ambako Aprili 1876 Stanley alichanjana damu na mtemi Mirambo, hadi Ujiji.

Miongoni mwao alikuwamo kijana ambaye Tabora ina haki ya kumkumbuka kuliko mji mwingine wowote. Mwaka 1871 mfanyabiashara Mwarabu wa Unyanyembe alimpa Stanley mtoto mtumwa. Jina lake, kama Stanley alivyoliandika, lilikuwa Ndugu M'hali. Halikumpendeza bwana mpya, akabatizwa Kalulu. Mtoto huyo alifika Ujiji, akafika Uingereza na Marekani, akasoma shule London, na Aprili 1874 alikuwapo Westminster Abbey katika mazishi ya David Livingstone. Halafu akarudi Afrika na msafara huu.

Mtu mwingine mwenye Tabora katika ukoo wake alijiunga nao huko Manyema: Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mtu mkubwa Unyanyembe na alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Tippu Tip alikubali kuwasindikiza kwa dola 5,000. Novemba 1876 Lady Alice ikaingia Lualaba. Wengine walipanda, na wengine, akiwamo Tippu Tip, walifuata ukingo kwa miguu wakipasua msitu. Wiki chache tu za msitu, ndui na mishale zilimtosha. Akageuza. Walioendelea walipanda mitumbwi wote, na kuanzia siku za mwisho za Desemba 1876 watembea kwa miguu wakawa watu wa mto.

Sasa tumweke kando yao mgeni wa leo. Asubuhi ya kwanza anavishwa jaketi okozi linalobana hadi analalamika, na hiyo ndiyo dalili kwamba limekaa sawa: jaketi lililolegea hubaki juu ya maji peke yake huku mwenyewe akiteleza chini. Anapewa kofia ngumu na kafi. Boti ni la mpira mzito, lenye vyumba kadhaa vya hewa, kimoja kikitoboka vingine vinalishikilia. Sakafu yake ina matundu pembeni, hivyo maji yanayorukia ndani hutoka yenyewe. Nyuma amekaa nahodha. Kazi ya abiria ni kutii maneno machache: piga mbele, piga nyuma, acha, inama. Watu huyacheka maneno hayo yakiwa bado ufukweni, hadi wimbi la kwanza linapowaonyesha kwamba ndani ya maji makali hakuna nafasi ya sentensi ndefu.

Kisha anafundishwa kuanguka. Ukitupwa nje, lala chali, miguu mbele juu ya maji, magoti yamekunjwa kidogo, ili mwamba ukutane na nyayo na si kichwa. Usijaribu kusimama. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa nchi kavu, kwa sababu mwili wake wote unamwambia asimame. Maji yanayofika magotini tu yakiwa na kasi humnasa mtu mguu kati ya mawe, mkondo ukamwinamisha na kumshikilia hapo. Miguu iliyomtoa Tabora hadi Bagamoyo inageuka nanga.

Maji makali hupimwa kwa madaraja sita yanayotumika dunia nzima. Daraja la 1 ni maji yanayotembea tu. La 3 lina mawimbi yenye vurugu, ila mgeni mwenye nahodha mzuri hupita akicheka. La 5 ni la wazoefu, na la 6 kwa kawaida huhesabiwa kuwa halipitiki. Mto hauna daraja moja mwaka mzima: masika huzamisha miamba ya mahali pamoja na kuzua mawimbi mahali pengine, na kiangazi hufukua meno yaliyokuwa yamefichwa. Ndiyo maana nahodha anaposikia ngurumo mbele husogeza boti pembeni, nyuma ya mwamba ambako maji hugeuka na kutulia, anafunga kamba, anapanda juu ya jiwe na kutazama. Mgeni hudhani anapumzika. Anasoma.

Wapagazi wa 1877 walijifunza kusoma huko bila mwalimu, na ada yake ilikuwa watu. Januari walifika kwenye maporomoko saba ya Boyoma, juu kidogo ya mahali ulipo mji wa Kisangani leo, yaliyotandazwa kwa kilomita mia moja hivi. Mmoja wao, Zaidi, mtumbwi wake ulipasuka na akajikuta amekumbatia mwamba kwenye ukingo wa poromoko, maji yakipita pande zote mbili. Wenzake walisokota kamba za mitambaazi ya msituni, wakaushusha mtumbwi mwingine kuelekea kwake ukiwa umeshikiliwa na watu wa ukingoni. Aliyejitolea kuingia ndani yake alikuwa Uledi, mshika usukani wa Lady Alice, pamoja na kijana Marzouk. Kamba zikakatika. Watatu wakaangukia kisiwa kidogo katikati ya ngurumo, wakalala hapo, wakavutwa kesho yake. Kwa hesabu ya Stanley, hadi mwisho wa safari Uledi alikuwa ameokoa watu 13 wasizame. Stanley hakuwa mtu wa kuaminiwa kwa kila alichoandika juu ya nafsi yake, lakini juu ya Uledi hakuwa na sababu ya kutia chumvi.

Kamba hiyo ya mitambaazi bado ipo. Kwenye boti la leo imekunjwa ndani ya mfuko mdogo wa rangi kali unaorushwa kwa aliyeanguka, na nahodha hujizoeza kuurusha kama mvuvi anavyojizoeza kutupa wavu.

Boyoma waliipita kwa njia waliyoijua. Walifyeka msitu, wakatandika magogo, wakaiburuta mitumbwi nchi kavu hadi chini ya kila poromoko. Mwishoni mwa Aprili, kwenye poromoko la Inkisi, chini zaidi, walifanya kitu ambacho hata kukisoma kunachosha mabega: waliipandisha mitumbwi ya magogo mlimani, mamia ya futi juu ya mto, wakisaidiwa na wenyeji, na kuishusha upande wa pili. Hapa ndipo hadithi ya safari ile inapogeuka kidogo mkononi mwa msomaji. Ramani humpa Stanley sifa ya kushuka Kongo kwa boti. Sehemu mbaya kuliko zote zilipitwa na wapagazi wakifanya upagazi.

Na kazi hiyo haijafutika. Kwenye Nile karibu na Jinja, Uganda, ambako tangu miaka ya 1990 kumekuwa na biashara kubwa ya kushusha wageni mtoni, kuna maporomoko ya Itanda. Boti zikifika hapo huchukuliwa mabegani na kubebwa ukingoni kupita sehemu yake kali, wageni wakitembea pembeni na makafi mikononi. Nahodha asiyeona haya kubeba boti ndiye wa kumwamini.

Kalulu alikufa Machi 29, 1877. Walikuwa wameingia kwenye mlolongo wa maporomoko ulio chini ya mahali palipo Kinshasa sasa, ule ambao Stanley aliupa jina la Livingstone. Amri ilikuwa mitumbwi yote ikumbatie ukingo wa kulia. Mtumbwi uliombeba Kalulu, mmoja wa mikubwa na ya kasi, ulichelewa kukata kona, ukanyakuliwa na mkondo wa katikati. Walioko ukingoni waliuona ukienda, kimya, hadi ukingoni mwa poromoko. Stanley akalipa poromoko jina la kijana. Mtoto aliyekabidhiwa kama zawadi Tabora akaishia kuwa jina kwenye ramani ya Kongo.

Kifo cha Frank Pocock miezi miwili baadaye kinauma kwa namna nyingine. Pocock alikuwa Mwingereza, mtoto wa wavuvi wa Mto Medway, mwogeleaji hodari. Kati ya watu wote wa msafara, yeye ndiye aliyezaliwa na maji. Kilichomponza ni miguu. Viatu viliisha, nyayo zikaoza kwa vidonda, akashindwa kutembea. Juni 3 wenzake walipokuwa wakipita poromoko la Massassa nchi kavu, yeye alitaka apite majini. Uledi alikwenda kutazama, akarudi na jibu kwamba hapapitiki. Kwa simulizi ya Stanley, Pocock aliwadhihaki kuwa ni waoga, na Uledi, aliyejua kuliko wote waliokuwapo, akakubali kwa kuchokozwa. Mtumbwi ulipinduka. Wanane kati ya kumi na mmoja walitoka hai, Uledi akiwamo. Pocock hakutoka.

Wanaofanya kazi ya kuongoza watu mtoni watakwambia kwamba abiria mwoga hawamwogopi. Wanamwogopa anayejua kuogelea.

Safari ya siku moja ina mwisho wake jioni: gari linasubiri, kuna nguo kavu. Safari ya siku kadhaa huondoa hayo yote, na hapo mambo madogo ndiyo hukua. Kila kitu kinasafiri ndani ya boti, na kila kitu hufungwa, kwenye mifuko isiyopitisha maji na masanduku yenye vifuniko vya kukaza, kisha kamba juu yake. Kisichofungwa tayari ni mali ya mto. Wapagazi walilijua hili kwa tumbo. Kila mtumbwi uliopinduka ulizama na shanga, na shanga ndizo zilizonunua muhogo na ndizi. Njaa ilipobana, Uledi yule yule aliyeokoa watu aliiba shanga. Alihukumiwa kuchapwa. Ndugu yake Shumari akajitoa achukue nusu ya viboko, na binamu yao Saywa akaomba apewe nusu nyingine. Stanley akamsamehe. Kisa hiki ukikisoma ukiwa umeshiba, unakiona kama mchezo wa kuigiza. Msome Uledi akiwa na njaa, kwenye bonde la mawe ambalo watu walilikaa zaidi ya miezi minne kwa umbali usiofika kilomita 350, umbali ambao msafara wa Tabora hadi Ujiji ungeumaliza kwa mwezi mmoja au miwili.

Jioni boti linafungwa mapema, jua likiwa bado juu. Kambi huwekwa sehemu iliyoinuka, kwa sababu mto hupanda usiku kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo mgeni hakuona hata wingu. Njia ya mnyama inayoteremka majini si mahali pa hema. Kiboko hutoka usiku kwenda malishoni, na anayelala kwenye njia yake ndiye mwenye kosa. Mchana, nahodha akiona vichwa vyao hugonga ubavu wa boti ili waliozama wasikie na kuibuka, kisha hupita upande wa maji ya kina kifupi. Kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina, na mtu asijiweke kati yake na huko.

Miguu, tena. Siku ya tatu ngozi ya vidole huwa nyeupe na kuchanika. Mzoefu hukausha nyayo zake kila jioni kabla ya kushika sahani, na ana jozi ya soksi ambayo haijawahi kukutana na mto. Kuna pia kichocho, ambacho hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, na huingia kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha. Wimbi linalotisha halina neno. Kwenye kijimto kizuri cha kuogea ndiko kwenye ugonjwa, na mtu aliyetoka safari ya namna hii hupimwa wiki kadhaa baadaye na kumeza dawa yake.

Juu ya mamba hakuna ujanja wa kumaliza. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyekuwa na makazi Jinja, alikuwa miongoni mwa waongoza mto mashuhuri wa bara hili. Mwaka 2004 aliongoza safari ya kuufuata Nile kutoka Ziwa Viktoria hadi bahari ya Mediterania. Desemba 2010 alikuwa na wenzake wawili kutoka Marekani kwenye kayaki, wakishuka Lukuga, mto ule ule unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika, na maji ya Malagarasi ndani yake. Mamba alimtoa kwenye kayaki yake, wenzake wakiwa jirani. Malagarasi nayo, pamoja na mabwawa yake ya Muyovozi ambayo mwaka 2000 yaliingizwa kwenye orodha ya Ramsar kama eneo la kwanza la Tanzania, ina viboko na mamba katika maji mapana ya polepole, kisha chini ya Uvinza mto unaanza kuporomoka kuelekea Igamba. Huo ni mpango mbaya kwa mwanagenzi: wanyama kwanza, miamba baadaye. Mtu wa Tabora anayetaka kuanza atafanya vizuri kupanda treni ya Mwanza na kuendelea hadi Jinja, ingawa asikawie sana, maana mabwawa ya umeme ya Bujagali mwaka 2012 na Isimba mwaka 2019 yamekwisha zamisha sehemu ya maporomoko yaliyoupa mji ule sifa.

Mwisho wa Julai 1877 watu wa msafara waliambiwa kwamba bahari haiko mbali na kwamba chini yao kuna maporomoko mengine. Walikuwa wamebaki wachache, wamekonda, wengi wana vidonda. Waliitoa Lady Alice majini kwa mara ya mwisho, wakaiweka juu ya miamba ya Isangila, wakaiacha hapo ikauke juani. Kisha wakajipanga kwenye njia.

Agosti 4, wakiwa Nsanda, nguvu ziliisha. Stanley aliandika barua kwa Mzungu yeyote atakayekuwako Boma, akiomba chakula. Waliochaguliwa kuipeleka ni Uledi na Kacheche, pamoja na Muini Pembe na Robert Feruzi, aliyekuwa amesoma shule ya misheni Unguja. Walitembea. Siku mbili baadaye wapagazi walionekana kilimani wakiwa na mchele, samaki na tumbaku, na watu waliokuwa wamelala chini wakainuka kuwapokea mizigo vichwani.